Kisanduku cha "Ushauri Umetolewa"

Najua niliahidi kuendelea na ile mada ya kusawazisha hifadhidata pale mtandao unapokatika, na nitaendelea nayo. Leo lakini naomba tuzungumze juu ya kisanduku kimoja kidogo, vile vya kutia tiki, ambacho kimenisumbua akili kuliko seva yoyote niliyowahi kuitunza.

Kisanduku chenyewe kiliandikwa hivi: "Ushauri wa mtindo wa maisha umetolewa? Ndiyo / Hapana."

Kilikuwa chini kabisa ya fomu ya karatasi niliyokabidhiwa na kikundi kilichokuwa kikiendesha mafunzo kwa wahudumu wa afya katika Kaunti ya Kajiado. Mafunzo yalikuwa ya siku tatu Kitengela na siku tatu nyingine Kajiado mjini. Washiriki walikuwa wauguzi, maafisa wa kliniki, na wahamasishaji wa afya ya jamii, wale jirani zetu wanaopita nyumba kwa nyumba. Somo lilikuwa moja tu: namna ya kuzungumza na mgonjwa juu ya maisha yake ya kila siku, yaani chakula, chumvi, sukari, pombe, sigara, kutembea, usingizi. Kazi yangu ilikuwa kuigeuza ile fomu iwe programu ndogo ya simu ili washiriki waweke kumbukumbu za mazoezi yao. Nililipwa kwa hiyo programu, si kwa maoni yangu. Maoni nawapa ninyi bure.

Unaweza kujiuliza, kama nilivyojiuliza mimi, mafunzo ya nini? Nani hajui kusema "punguza chumvi"?

Tuanze na hesabu kidogo. Mwaka 2015 Kenya ilifanya utafiti mkubwa wa kitaifa juu ya magonjwa yasiyoambukiza, ule unaoitwa STEPS. Ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwahi kupimwa presha hata mara moja maishani. Kisha Septemba 25, 2023, pale Uhuru Park, Rais Ruto akazindua ugawaji wa vifaa kwa wahamasishaji wapatao 100,000 nchi nzima. Ndani ya mkoba mlikuwa na mashine ya kupima presha, ya kupima sukari, mizani, kipimajoto na simu. Simu hizo zinatumia mfumo wa eCHIS, uliojengwa juu ya programu huria ya Community Health Toolkit. (Wapenzi wa teknolojia, ndiyo: data inakaa kwenye simu kwanza, mtandao ukipatikana inapanda kwenye CouchDB. Mimi sikuwa miongoni mwa walioijenga, naisifu tu kama jirani anavyosifu ng'ombe wa mwenzake.)

Sasa fikiria matokeo yake. Zamani kipimo cha presha kilikuwa hospitalini, na mazungumzo yake yalikuwa hospitalini. Leo mashine inaingia sebuleni kwa watu. Mama mmoja anafungwa ule mkanda mkononi, mashine inalia, inaandika 158/96, na yule aliyempima ni jirani yake, wanakutana kwenye chama na kanisani. Lazima aseme kitu. Mashine imegawiwa kwa maelfu. Hicho cha kusema, je, nacho kimegawiwa?

Kitengela mnaijua. Iko Kajiado Mashariki, barabara ya Namanga, baada tu ya kuvuka Athi River. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi zaidi ya 150,000, wengi wao wapangaji waliotoka kila pembe ya nchi, wanaolala Kitengela na kufanya kazi EPZ au Nairobi. Mkufunzi wetu alikuwa muuguzi mstaafu, mama mrefu mwenye sauti ya chini ambaye kila mtu alimwita Sista. Asubuhi ya kwanza hakutoa hotuba. Alichagua washiriki wawili, mmoja awe muuguzi na mwingine awe mgonjwa mwenye presha hiyo hiyo ya 158/96, akasema, "Haya, mshauri."

Muuguzi alikuwa mzuri sana. Alijua mambo yake. Punguza chumvi, punguza mafuta, kula mboga na matunda, fanya mazoezi dakika 30 kwa siku, punguza uzito, acha mawazo mengi, lala mapema, usikose dawa, rudi kliniki. Nilikuwa nimekaa nyuma na kompyuta, nikahesabu mashauri tisa kwa muda usiofika dakika mbili. Na mgonjwa kila mara alijibu, "Sawa, daktari."

Sista akauliza ukumbini, "Amesema sawa ngapi?" Watu wakaanza kucheka. Kila mmoja alikuwa anajua kwamba "sawa, daktari", hapa kwetu, haina maana ya kukubali. Maana yake ni: nimekusikia, naomba niende, matatu inaniacha.

Kisha akawaambia warudie, lakini safari hii muuguzi hana ruhusa ya kushauri chochote kwa dakika tano. Aulize tu, na asikilize. Muuguzi akakaa kimya kidogo (dakika tano bila kushauri ni mateso, jaribu na ndugu yako leo jioni), kisha akasema, "Mama, hebu nielezee siku yako inavyokwenda, tangu unapoamka."

Yule aliyeigiza mgonjwa ni mhamasishaji, na nadhani hapo aliacha kuigiza. Akaeleza siku ya mtu anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anakunywa chai kwa kibanda, mchana chapati na maharagwe, anarudi saa mbili usiku miguu imevimba. Anapika ugali na mchuzi haraka haraka kwa sababu watoto wamelala njaa nusu. "Na chumvi hiyo mnayosema," akasema, "mimi hata siitii sana. Natia kile kiungo cha pakiti." Akanyamaza. "Kumbe chumvi iko humo, eh?"

Muuguzi akauliza, "Unaonaje?"

"Labda ningeanza na hicho."

Shauri la kwanza kati ya yale tisa lilikuwa punguza chumvi, na lilikuwa shauri sahihi kabisa. WHO inasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Lakini lilikuwa limeelekezwa kwenye kopo la chumvi, na kopo halikuwa na kosa. Pakiti ndiyo ilikuwa na kosa, na huwezi kuijua pakiti mpaka mwenye jikoni akutajie.

Mbinu hii Sista hakuibuni yeye. Mwanasaikolojia William R. Miller aliiandikia makala mwaka 1983, kutokana na kazi yake na watu wenye shida ya pombe, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakaitolea kitabu. Kiini chake nitakieleza kwa Kiswahili changu: mtu husadiki zaidi maneno yanayotoka kinywani mwake kuliko yanayoingia masikioni. Ukimsukuma, atakupa sababu za kutobadilika, na kadiri anavyozitaja ndivyo zinavyokomaa. Ukimwacha aeleze, mara nyingi atazitaja mwenyewe sababu za kubadilika. Miller na Rollnick wanamwonya mhudumu dhidi ya ile hamu ya kurekebisha, ya kunyoosha kila kilichopinda mara tu unapokiona. Sisi waandika programu ugonjwa huo tunaujua. Mtu hajamaliza kueleza hitilafu, tayari tumefungua msimbo.

Kuna swali moja katika mbinu hii lililonifurahisha kama mtu wa kompyuta. Unamuuliza mgonjwa: kati ya sifuri na kumi, una uhakika kiasi gani kwamba utaweza? Anasema 4. Sisi wote tungeuliza, kwa nini si 10? Na yeye angetutajia vikwazo sita. Swali linalofundishwa ni kinyume: kwa nini 4, si 2? Hapo inabidi ajitafutie nguvu alizonazo. "Kwa sababu mume wangu naye ameambiwa ana presha." "Kwa sababu niliwahi kuacha soda wakati wa mimba." Namba yenyewe haina kazi kubwa, ni ngazi tu ya kupandia. Niliiona fomu yetu, namba ilikuwa na nafasi yake safi ya kuandikiwa, na lile jibu la "kwa nini si 2" halikuwa na nafasi popote.

Hapo ndipo kile kisanduku kilipoanza kuniwasha. Igizo la kwanza, la mashauri tisa na "sawa" tisa, lingetiwa tiki Ndiyo. Igizo la pili, la pakiti, kwa uaminifu lingetiwa Hapana, maana hakuna ushauri uliotolewa. Fomu ingeripoti kwamba muuguzi wa kwanza amefanya kazi na wa pili amekaa bure.

Nilimwambia msimamizi wa mradi. Ni kijana mwungwana, hakukasirika. Alisema tu kwamba mfadhili anahitaji idadi ya watu walioshauriwa kila mwezi, na idadi inatoka kwenye kisanduku. Nilimwelewa. Mtu akikuuliza umefanya nini na pesa zake, huwezi kumpelekea hadithi ya pakiti.

Usiku ule nilisoma kidogo, ili nisibishane kwa hisia tu. Kuna utafiti wa zamani wa London, wa Michael Russell na wenzake, uliochapishwa mwaka 1979, uliohusu wavuta sigara zaidi ya 2,000 waliofika kwa madaktari wa kawaida. Walioachwa bila kuambiwa kitu, walioacha sigara kwa mwaka mzima walikuwa asilimia 0.3. Walioshauriwa na daktari kwa dakika moja au mbili, asilimia 3.3. Walioshauriwa, wakapewa kijikaratasi, na wakaambiwa kwamba watafuatiliwa, asilimia 5.1. Soma tena hilo la mwisho. Namba ni ndogo, lakini daktari mmoja huona wagonjwa maelfu. Na kilichoongezwa hapo si elimu zaidi ya sigara. Ni kijikaratasi, na kujua kwamba kuna mtu atakuja kuuliza.

Kuna mwingine wa karibu zaidi, uliochapishwa katika Lancet mwaka 2016. Madaktari 137 wa Uingereza walitumia sekunde 30 tu kuzungumza na wagonjwa wenye uzito uliozidi sana, waliokuja kwa shida nyingine. Wagonjwa walikuwa 1,882. Kundi moja waliambiwa tu kwamba kupunguza uzito kutawafaa, wakapungua wastani wa kilo 1 kwa mwaka. Kundi la pili daktari aliwapa nafasi katika vikao vya bure vya kila wiki, wakapangiwa miadi papo hapo, na wakapungua kilo 2.4. Na takriban hakuna aliyechukizwa kwa kuguswa jambo hilo. Niliporudi ukumbini na hilo, muuguzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake, na sidhani kuna mwenye jibu: "Hapa Kitengela nimpeleke kikao gani cha bure?" Kutembea jioni, wapi? Kando ya barabara ya malori, gizani, na bodaboda zinapita pande zote?

Muuguzi huyo huyo, siku ya pili, alisema jambo lililotuliza ukumbi wote. "Mimi mwenyewe nina presha. Nafanya zamu ya usiku, nakula chipsi na soda saa tisa usiku kwa sababu ndicho kilichopo. Nitamwambiaje mtu apunguze uzito naye ananitazama hivi?" Sista hakumfariji. Alimuuliza, "Ungependa mgonjwa wako akuulize nini?" Akafikiri, akasema, "Anipe pole kwanza." Kwa maoni yangu hiyo saa moja ilikuwa na thamani kuliko slaidi zote za mradi, na slaidi zilikuwa 112.

Wiki iliyofuata tulishuka Kajiado mjini, mwendo wa kama kilomita 50 kupita Isinya, na mambo yakabadilika. Nusu ya washiriki ni Wamaasai wanaohudumia manyatta ambako kutoka boma moja hadi jingine unaweza kutembea saa nzima. Binti mmoja mhamasishaji, wa miaka ishirini na kitu, aliwaambia wakufunzi waziwazi kwamba lile swali la "nielezee siku yako" kwake halifunguki hivyo. Anapofika, anasalimu wakina mama, "Takwenya," naye anaitikiwa, "Iko." Mbele ya mzee, desturi ni mdogo kuinamisha kichwa aguswe. Ukishaguswa kichwa na mtu kama mtoto wake, utaanzaje dakika tano baadaye kumwambia apunguze mafuta?

Sista akamuuliza yeye hufanyaje. Akasema, "Sianzi na mzee. Naanza na koko. Namuuliza zamani mlikuwa mnakula nini. Mzee yuko hapo anasikiliza, mwishowe anaingilia mwenyewe kumsahihisha."

Wakaliigiza. Aliyekuwa mzee aliingilia kweli, kwa fahari: baba zetu walikunywa maziwa na kula nyama, presha hatukuijua. Mhudumu asiyefunzwa angebisha hapo. Na angeshindwa, kwa sababu mzee ana ushahidi: mwaka 1964 George Mann na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya Wamaasai wa Tanganyika, na hawakuona ugonjwa mwingi wa moyo pamoja na mafuta yote yale. Binti hakubisha. Aliuliza, "Na sasa, mzee, nini kimebadilika?" Yule "mzee" akaanza kuhesabu kwa vidole. Ng'ombe wamepungua. (Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na mizoga ilitapakaa kaunti nzima.) Maziwa yanauzwa. Ugali kila siku. Safari ni ya pikipiki, hata ya kwenda kisimani. Na chai: sukari vijiko vinne kwa kikombe, vikombe sita kwa siku. Akasimama kwenye chai. Binti akauliza, "Katika hivi, kipi kiko mikononi mwako?"

Sukuma wiki hakuitaja mtu. Kwenye karatasi ya mradi mboga zilikuwa shauri nambari mbili.

Basi, tulifanyaje kuhusu programu? Msimamizi alipendekeza kisanduku kibaki, lakini kisikubali tiki mpaka mhudumu aandike kwanza sentensi moja ya maneno ya mgonjwa. Kwenye jaribio la Kajiado matokeo yalikuja mchana ule ule: "sawa", "ok", na nukta moja tupu, mara nyingi sana. Ukimlazimisha mtu aliyechoka, atakupa nukta.

Nilichopendekeza mimi kilitokana na Russell. Kompyuta haijui kama mazungumzo yalikuwa mazuri, na haitajua. Ila inakumbuka, na binadamu mwenye kaya mia moja hakumbuki. Kwa hiyo kisanduku kilibaki kwa ajili ya mfadhili, kikasogezwa ukurasa wa mwisho. Nafasi tatu zikawekwa mbele, zote za hiari: alichosema, alichochagua, lini tumuulize tena. Tarehe ikifika simu inakumbusha, na mhudumu akifungua jina, kitu cha kwanza kinachoonekana, kwa maandishi makubwa kuliko presha yenyewe, ni yale maneno ya mgonjwa ya mara iliyopita. Mhudumu akijua kwamba sentensi hiyo itamfaa yeye mwenyewe mwezi ujao mlangoni pa watu, anaiandika. Haikuhitaji kulazimishwa.

Mtu mmoja alitaka turekodi sauti badala ya maandishi. Nilikataa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na sauti ya mama akieleza ya nyumbani kwake haina kazi ya kukaa ndani ya simu inayoazimwa na watoto kucheza michezo.

Sentensi nilizoziona wakati wa kukagua (bila majina, programu inanifichia) zilikuwa fupi. "Ataacha pakiti Jumatano na Jumapili." "Anasema sigara ni ya lindo, mchana havuti." "Chai vijiko viwili, bibi yake asiambiwe." Hiyo ya mwisho ilinichekesha, nikaongeza kitufe cha kuficha sentensi watu wa nyumbani wakiwa karibu.

Kilichobaki bila ufumbuzi ni lugha. Baadhi ya wahudumu wa Kajiado wanaandika kwa Kimaasai, kama mgonjwa alivyosema. Mwenzao akipokea zamu anasoma vizuri, lakini msimamizi haelewi, na anataka niweke orodha ya majibu ya kuchagua kwa Kiingereza ili zihesabike. Mpaka leo sijaiweka. Nimemtafutia kijana wa Isinya anayejua lugha zote tatu, awe anamsomea mara moja kwa mwezi.